Faili Halifunguki: Yanayoupata Mchoro Ukihama Programu

Wiki ya kukabidhi kazi za studio ina sentensi yake, nayo ni "faili halifunguki". Utaisikia kwenye korido, utaisikia maktaba, na kwenye magrupu ya WhatsApp inaingia hata saa saba za usiku. Ina ndugu zake pia: "limefunguka lakini tupu", "mbona hiki chumba kina urefu wa kilomita nne?", na ile ya wenzetu wakadiriaji majenzi, "nyie wasanifu vipimo vyenu havikubaliani". Wengi tunalimaliza tatizo kwa kubahatisha. Mtu anabonyeza export, anachagua fomati ya kwanza kwenye orodha, anatuma, analala. Asubuhi ndiyo anaambiwa.

Mimi nasoma usanifu majengo, mwaka wa nne, na kwa kuwa laptopu yangu ina programu nyingi kuliko kabati langu lilivyo na nguo, nimegeuka ofisi ya tafsiri ya bweni. Wanakuja watu wa upimaji ardhi, wanakuja wahandisi, anakuja na yule wa sanaa aliyepata tenda ya kuchora ua la geti. Nilichogundua ni kwamba shida ni zilezile tano au sita, na karibu zote zinazuilika kabla ya kutuma. Ila ni lazima kwanza uelewe nini kinatokea ndani ya faili, maana ukikariri vitufe tu, programu ikibadilisha sura mwakani unaanza upya.

Chukua neno "shikamoo". Jaribu kumpelekea Mwingereza. Unaweza kumweleza kuwa ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, atakuelewa, lakini kwenye lugha yake hakuna kisanduku cha kuliweka, kwa hiyo litafika kama "hello" tu. Heshima imebaki mpakani. Kubadili mchoro kutoka programu moja kwenda nyingine ni hivyohivyo. Kila programu ina maneno yake, na neno lisilo na mwenzake upande wa pili huteremshwa cheo likawa kitu cha kawaida zaidi. Kwa hiyo kabla hujatuma, swali ni moja: huyu ninayempelekea anataka kuutazama mchoro, kuupima, au kuuendeleza? Majibu hayo matatu yana mafaili matatu tofauti.

Sasa tuingie ndani. Picha ya simu ni vinukta vya rangi. Mchoro wa AutoCAD ni orodha ya maelezo. Kama huamini, chora mstari mmoja tu, uhifadhi kama DXF, kisha lifungue faili hilo kwa Notepad. Utashuka sana, kuna utangulizi mrefu, lakini mwishowe utakutana na neno LINE. Chini yake kutakuwa na namba 8 ikifuatiwa na jina la leya, tuseme UKUTA. Utaona 10, na chini yake thamani ya X ya mwanzo wa mstari. 20, ni Y yake. 11 na 21 ni X na Y za mwisho. Kuna namba nyingine hapo katikati lakini mwili wa mstari ni huo. Hakuna popote palipoandikwa kwamba huo ni ukuta wa tofali za inchi sita wenye plasta pande mbili. Hayo uliyajua wewe. Faili linajua mstari, leya na namba nne.

Hiyo DXF ina umri mkubwa kuliko sisi. Autodesk walitoa AutoCAD mwaka 1982, na DXF ikaja na toleo la kwanza kabisa, kwa kazi hiihii ya kupeleka mchoro kwenye programu za wengine. Maelezo yake yalitangazwa wazi, mtu yeyote akaweza kuandika programu ya kuisoma. DWG, ambayo ndiyo faili la kila siku la AutoCAD, maelezo yake hayakutangazwa. Kampuni nyingine zikabaki kuifumbua wenyewe, na mwaka 1998 baadhi zikaungana kwenye umoja ambao leo unaitwa Open Design Alliance. Ndiyo sababu programu nyingi zisizo za Autodesk zinafungua DWG vizuri tu, na ndiyo sababu mara mojamoja zinakosea.

Tuanze na "halifunguki", maana ndilo jepesi. Mara nyingi si kwamba faili limeharibika. Limehifadhiwa kwa toleo jipya, na kompyuta ya mwenzako ina programu ya zamani. Lifungue DWG hilo kwa Notepad. Utaona takataka tupu, lakini herufi sita za mwanzo kabisa zinasomeka. AC1015 ni fomati ya 2000, AC1018 ya 2004, AC1021 ya 2007, AC1024 ya 2010, AC1027 ya 2013, na AC1032 ya 2018, ambayo imeendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo mwenye AutoCAD 2014 akipewa AC1032, hata azime na kuwasha mara kumi halitafunguka. Dawa ni aliyetuma achague toleo la chini anapohifadhi. 2010 au 2013 inatosha karibu kila mahali. Akiwa hapatikani, ipo DWG TrueView ya Autodesk wenyewe, na ipo ODA File Converter ya ule umoja niliousema. Zote za bure, na zote zinashusha toleo. Hizi tovuti za kubadilishia faili mtandaoni mimi sizipendi. Mchoro wa nyumba ya mtu, wenye namba ya kiwanja na jina lake kwenye kona, unaupakia kwa usiyemjua ili akusaidie kazi ya dakika mbili. Ukiwa kazini mteja akijua, utajieleza.

Revit ni habari nyingine. Ukiokoa kwa toleo la 2024, mwenye 2022 hafungui, na hakuna kitufe cha kushusha. Kikundi cha watu wanne wanaofanya mradi mmoja kwa Revit wakubaliane toleo siku ya kwanza, kabla hata ya kugawana kazi.

Suala la vizio, au yuniti kama tunavyosema, ndilo linaloua watu wengi zaidi. Nitakaa hapa kidogo.

Ndani ya mchoro wa AutoCAD hakuna milimita. Hakuna mita wala futi. Kuna namba. Ukichora chumba cha urefu wa 4000, programu imeandika 4000, basi. Milimita ziko kichwani mwako. Sasa mwenzako analeta mchoro huo SketchUp, na kwenye dirisha la kuingiza, pale penye sehemu ya machaguo ambayo watu hawaifungui, imeandikwa inchi. SketchUp inatii: inchi 4000. Chumba chako cha mita 4 kimekuwa cha mita 101.6. Ikiwa imeandikwa mita, umepata ile kilomita nne. Na kinyume chake ndiyo siri ya "limefunguka lakini tupu": mtu kachora kwa mita, chumba ni 4, anayepokea kasoma milimita, nyumba nzima imekuwa ndogo kuliko kucha na imejificha kwenye kona ya skrini. Usikimbilie kuomba faili lingine. Bonyeza amri ya kuonyesha mchoro wote, Zoom Extents, kisha pima kitu unachokijua.

AutoCAD ina mahali pa kuandika kizio, wanapaita INSUNITS. Thamani 1 ni inchi, 2 futi, 4 milimita, 5 sentimita, 6 mita, na 0 maana yake hakuna kilichosemwa. Nimefungua mafaili mengi ya wenzangu yakiwa na 0, na mengine yana 1 kwa sababu mtu alianza na kiolezo cha Kimarekani bila kujua. Namba hiyo haibadilishi chochote ukiwa ndani ya faili lako, ndiyo maana hakuna anayeigundua. Inaamka pale faili linapoingizwa ndani ya lingine. Hapo AutoCAD hulinganisha namba mbili na kuzidisha. Mchoro wa milimita ulioandikwa inchi ukiingia ndani ya mchoro wa milimita unakuzwa mara 25.4. Kwa hiyo ukikuta kitu ni kikubwa au kidogo mara 25.4, hujalogwa, mtu hakuandika kizio sahihi. Ukikuta ni mara 1000, kuna mita na milimita zimepishana. Mara 10, ni sentimita na milimita. Ukizijua namba hizo tatu, unaweza kubaini ugonjwa kabla hujagusa kitu.

Jambo dogo hapa: ukihifadhi DXF kwa toleo la kale la R12, ambalo mashine nyingi za kukatia zinalipenda, INSUNITS haimo kabisa. Ilikuja baadaye, na AutoCAD 2000. Kwa hiyo R12 lazima isafiri na maneno: "vipimo ni milimita". Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, "Sasa kaka, si mpokeaji ataona tu kwamba ni nyumba?" Ataona. Mashine haioni.

Kurekebisha ni rahisi. Usikisie. Tafuta kitu ambacho urefu wake unajulikana bila ubishi, mlango wa 900 kwa mfano, au afadhali kitu kirefu kama upande mzima wa jengo. Tumia SCALE, uchague Reference, bonyeza ncha mbili, andika urefu wa kweli. Mchoro wote unafuata. Kitu kirefu ni bora kwa sababu kosa la kubonyeza kwa milimita mbili kwenye mlango ni kubwa, kwenye ukuta wa mita 30 si kitu.

Sasa twende kwa wapima ardhi, kwa sababu kuna ugomvi wa kila mwaka kati yao na sisi na naona pande zote zina haki. Mpima anakuletea kiwanja chenye bikoni, kontua, mti wa mwembe, kila kitu, na kimekaa mahali pake halisi duniani. Kwa Dar es Salaam, hiyo ni UTM kanda ya 37 kusini: namba ya mashariki ni laki tano na kitu, na namba ya kaskazini ni milioni tisa na laki mbili na kitu. Milioni tisa zinatoka wapi? Kusini mwa ikweta UTM huongeza 10,000,000 ili pasiwepo na namba hasi, halafu unahesabu kurudi chini. Kwa mpima hiyo namba ni roho ya kazi yake. Akiisogeza, ile si ardhi ileile tena.

Kwa msanifu, namba hiyo ni balaa. AutoCAD yenyewe inahesabu kwa usahihi wa kutosha. Lakini programu nyingi za 3D, hasa sehemu ile inayochora kwenye skrini, hutumia namba fupi za biti 32. Namba hizo zina tarakimu kama saba tu za kuaminika. Ukivuka 8,388,608, hatua ndogo kabisa ambayo namba ya aina hiyo inaweza kupiga ni 1. Kama kizio chako ni mita, maana yake kwenye kaskazini ya 9,250,000 programu haiwezi kutofautisha 9,250,000.2 na 9,250,000.4. Kuta zinatetemeka ukizungusha, mistari inakuwa misumeno, nyuso hazifungi. Mtu anadhani kadi ya picha imekufa. Kadi ni nzima, nyumba yako tu iko mbali mno na sifuri. Revit nayo hulalamika ikikuta faili lenye vitu vilivyoenea zaidi ya maili 20, na kisa kinaweza kuwa nukta moja tu iliyosahaulika kwenye 0,0 huku kiwanja kiko kilomita elfu tisa kaskazini.

Watu wanafanya nini? Wanakamata mchoro wote na kuuburuta hadi sifuri kwa jicho. Shida inakuja mwezi wa mwisho, mpima anataka nguzo ziwe na koodineti ili akaziweke saiti, na hakuna anayejua mchoro uliburutwa kiasi gani. Njia ninayoitetea ni hii: chagua bikoni moja, andika namba zake kama mpima alivyozitoa, kisha sogeza mchoro kwa kiasi kizima, mathalani 520,000 kwa mashariki na 9,240,000 kwa kaskazini. Kiasi hicho kiandike ndani ya mchoro kwa maandishi, kwenye leya isiyozimwa. Kurudi ni kujumlisha tu. Wenye Revit wana njia yao safi zaidi ya koodineti za pamoja, ambapo faili la mpima linaunganishwa na Revit inachukua namba zake huku jengo likibaki karibu na sifuri ya ndani.

Na kwa mnaofanya mradi Dodoma: mpaka wa kanda za UTM uko nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo Dodoma mjini iko kanda ya 36 na Morogoro iko ya 37. Namba hazilingani. Vilevile ramani nyingi za zamani za viwanja zinatumia mfumo wa Arc 1960, ilhali simu yako inasoma WGS84, na tofauti ya hizo mbili ardhini ni mamia ya mita. Ukiweka mchoro wa kiwanja juu ya picha ya setilaiti ukakuta kimekaa juu ya paa za majirani, usimlaumu mpima. Muulize kwanza ametumia mfumo gani. QGIS, ambayo ni ya bure, itabadilisha ukimwambia ukweli kuhusu faili linakotoka.

PDF nayo. Hii ndiyo tunayoitumia kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza wakadiriaji majenzi. Kwanza jua una PDF ya aina gani. Ikuze hadi mwisho. Mstari ukibaki mkali kama wembe, ndani kuna mistari halisi, na AutoCAD kuanzia 2017 ina amri ya PDFIMPORT inayoirudisha kuwa mchoro. Usitegemee miujiza. Maduara huweza kurudi yakiwa vipandevipande, na maandishi ya fonti za SHX hurudi yakiwa mistari, herufi A imekuwa vijiti vitatu. Mstari ukigeuka ngazi za vinukta, hiyo ni picha iliyopigwa skana, na hakuna kitufe cha kukuokoa. Utaichora upya juu yake.

Pili ni skeli. Mchoro wa A1 kwa 1:100 ukichapwa kwenye A3 unakuwa nusu, kwa hiyo ni 1:200, ingawa kwenye kona bado imeandikwa 1:100. Hilo angalau linaonekana. La hatari ni lile dogo. Dirisha la printa huwa na chaguo la kuukaza mchoro utoshe karatasi, na pale steshenari wanaliacha hivyo siku zote. Mchoro unapungua, tuseme, hadi asilimia 96. Macho hayaoni. Mkadiriaji anaweka rula yake, anapima sakafu ambayo kweli ni mita za mraba 600. Urefu umepungua kwa 0.96 na upana kwa 0.96, kwa hiyo eneo limepungua kwa 0.9216, anapata karibu 553. Mita 47 za mraba za tailizi hazimo kwenye hesabu. Chuoni utapoteza alama. Saiti kuna mtu atazilipia, na mjadala wa nani alipe si mtamu. Ndiyo maana kwenye kila karatasi weka kipimo cha mstari, ule mstari uliogawanywa mita 0, 1, 2, 5, unaopungua pamoja na mchoro. Na mkadiriaji anayepima kwenye kompyuta aanze kwa kuthibitisha urefu mmoja ulioandikwa, siyo kuamini 1:100 ya kwenye kona.

Kutoka ArchiCAD kwenda Revit au kinyume chake, tunarudi kwenye shikamoo. Ukipitia DWG, kuta zinafika kama mistari kwenye leya. Kwa wa kutazama na kupima inatosha. Kwa wa kuendeleza haitoshi, na hapo ndipo IFC inapoingia. Ni fomati isiyo ya kampuni moja, inasimamiwa na buildingSMART, na mwaka 2013 ilipata kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739. Nayo ni maandishi, ukifungua kwa Notepad mstari wa kwanza unasema ISO-10303-21. Humo utakuta IFCWALL, IFCDOOR, IFCSLAB. Yaani humu angalau ukuta unaitwa ukuta na mlango unaitwa mlango, na una habari zake: urefu, upana, uko ghorofa gani. Programu isipojua kitu ni nini, hukiita IFCBUILDINGELEMENTPROXY, ambayo kwa lugha yetu ni "kitu fulani hivi cha jengo". Ukikuta hizo zimejaa, aliyetuma alichora vitu vingi kwa vifaa vya jumla visivyosema kitu ni nini. Hata ikifika salama, usitarajie kuvuta ukuta wa ArchiCAD ndani ya Revit kama ulioujenga mwenyewe. Ukuta utakuwa pale, utajulikana ni ukuta, lakini utakaa kama mgeni. Maofisi mengi huweka IFC ya mwenzao kama rejea ya kuangalia migongano, na kila mtu anabaki mwenye mchoro wake. Kwenye miradi yetu ya pamoja nadhani ndiyo njia ya heshima: mhandisi wa miundo asiguse kuta zangu, nami nisiguse nguzo zake.

Kuhusu nguzo, kijambo cha pembeni. SketchUp ikichora duara inachora umbo la pembe 24, usipoibadilisha. Umbo hilo likikaa ndani ya duara eneo lake ni kama asilimia 98.9 ya eneo la duara. Kwa nguzo moja hakuna anayejali. Kwa mkadiriaji anayetoa ujazo wa zege la nguzo za mviringo 80 moja kwa moja kutoka kwenye modeli, asilimia moja na kitu imeyeyuka, na hakuna aliyeichukua.

Yule wa geti sasa. Mafundi wa mageti wenye mashine za plazma wanataka DXF, na wanafunzi wengi wanachora CorelDRAW au Illustrator. Geuza maandishi yote kuwa mistari kwanza, la sivyo jina la familia litatoka kwa fonti nyingine au lisitoke kabisa. Hakikisha kila umbo limefunga. Pengo dogo usiloliona skrini, mashine inaliona. Ondoa mistari iliyolaliana, maana mwenge utapita mara mbili palepale na bati litaungua. Halafu kumbuka tundu la herufi O: ukilikata bila daraja, katikati inadondoka. Hilo si la fomati, lakini fundi atakulaumu wewe.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Faili linalotegemea mafaili mengine yaliyounganishwa ndani yake halisafiri peke yake. Tumia eTransmit ikusanye vyote kwenye zipu, au BIND uyaunganishe kabisa. Fonti zisizo za kawaida zikikosekana upande wa pili hugeuka alama za kuuliza. Watu wa barabara mnaotumia Civil 3D: mwenzenu mwenye AutoCAD ya kawaida huenda asione kontua zenu vizuri kwa sababu programu yake haijui kontua ni mnyama gani. Tumieni EXPORTTOAUTOCAD, itazigeuza kuwa mistari anayoijua, na ile asili baki nayo. Kwenye WhatsApp tuma mchoro kama dokumenti, kamwe si kama picha, maana picha inabanwa hadi vipimo havisomeki.

Kabla hujatuma chochote, fungua lile ulilotoa, siyo lile ulilolichora. Lifungue kwenye programu nyingine kabisa ikiwezekana. LibreCAD ni ya bure na inasoma DXF, FreeCAD inasoma na IFC. Pima kitu kimoja. Kisha andika mistari michache kwenye faili dogo la maandishi liende pamoja na mchoro: kizio, toleo, mchoro umesogezwa kiasi gani kutoka kwenye koodineti za mpima, na karatasi ni A ngapi kwa skeli gani. Dakika tatu.

Na kwa viongozi wetu wa chama, kwa kuwa gazeti hili mnalisoma: kompyuta za maabara zina matoleo tofauti ya AutoCAD chumba kwa chumba, kiasi kwamba kazi ya asubuhi haifunguki jioni mlango wa pili. Hakuna anayeomba leseni mpya. DWG TrueView na ODA File Converter hazihitaji shilingi, na wenye laptopu wanaweza kuomba programu za Autodesk kwa njia ya wanafunzi, bure, badala ya kuokota za mtaani zenye virusi. Kinachotakiwa ni mtu mwenye nywila ya kompyuta za maabara akae nazo mchana mmoja, kabla ya wiki ya kukabidhi.